Kijana wa istware yangu anaweza kubaki Goma?

MweziWaMajengo (Goma)

Jambo kwenu wote. Niko na swali ya mambo ya kuandika, na mwenye iko na matusi tu naomba apite, juu hii swali nimeibeba tangu mwaka jana na hapa nyumbani sina mutu wa kuuliza.

Niko na miaka 22, niko nasoma hapa Goma. Tangu nipate diplome niko naandika ka romani kadogo ka vijana, na naandika mu Kiswahili, kile chenye tunaongea ku nyumba na ku soko, juu vitabu vyote vya namna hii nilisoma ku telefone vilikuwa vya Marekani ao Uingereza, vingine wametafsiri mu Kifaransa, na kila mara nafika ku mwisho nasema sawa, ni muzuri, nimelia hata, lakini huyu mutoto iko na chumba yake peke yake, iko na mulango na ufunguo, anaingia anafunga anaanguka ku kitanda analia. Mimi sijawahi kuwa na mulango.

Kijana wangu anaitwa Amani. Iko na 16, iko mu mwaka wa tano ya humanite, anaishi Majengo na mama yake, koko yake na wadogo wane, nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, kitanda moja wanalala watatu. Mama anauzisha sambaza, samaki wadogo wa ziwa, ku soko ya Kituku. Amani iko na rafiki, Patrick, wanaenda pamoja kuchota maji ku ziwa na mabido ya manjano, na polepole sana, bila mutu kumwambia kitu, Amani anaanza kuelewa kama vile wenzake wanaongeaka juu ya wasichana, yeye njo anasikia vile juu ya Patrick. Hamwambii mutu. Anaogopa, anafurahi, anaogopa tena. Kisha inafika 22 Mei 2021, jumamosi magaribi, Nyiragongo inapasuka, lava inashuka paka Buhene, na siku tano nyuma, asubuhi mapema, wanatangaza kama sehemu kubwa ya muji ihame. Jamaa zote mbili zinajikuta ku njia ya Sake kwa miguu, magodoro ku kichwa, na usiku wanalala mu darasa moja na watu kama sitini. Ile usiku njo moyo ya kitabu. Hakuna kitu kinafanyika. Wanalala tu mugongo kwa mugongo juu hakuna nafasi ingine, na Amani halali paka asubuhi, anahesabu pumzi ya mwenzake.

Ile sehemu niliiandika siku mbili bila kusimama. Shida ni mwisho. Nilipatia watu watatu wasome, wale wenye naaminia. Wa kwanza, tunalala naye mu chumba ya wanafunzi, alisema lazima Amani afe, ao auawe, kama hapana watu watasema unafundisha watoto tabia mubaya. Wa pili ni dada ya mama, alisoma kwa mapendo, Mungu amubariki, akasema nimupeleke ku maombi ya usiku tatu apone aoe. Wa tatu akasema apate visa aende Canada. Nililala na hayo majibu matatu wiki nzima, na nikaona kitu: wote wanamutoa Goma. Hakuna mwenye alisema abaki, amalize masomo, aendelee kuchota maji. Na mimi njo nilikuwa nataka vile, lakini kila mara najaribu kuandika ile mwisho inatoka ya uongo, kama tangazo ya redio.

Swali ya pili ni ya neno. Amani anajiita nani mu kichwa yake? Pede, ile ya Kifaransa ya mwanaume mwenye anapenda wanaume, ni tusi, tunaisikia ku terrain ya mupira kila siku. Ile maneno ya Kiingereza ya herufi nne-tano hajawahi kuisikia. Nikiandika "alijua yeye ni" nakwama hapo, nafunga kahiye.

Mwenye anasoma ao anaandika anisaidie. Nalomba kweli.

---

MwalimuWaKadutu (Bukavu)

Mwanangu, asante kwa kuuliza wazi. Nafundisha Kifaransa ku sekondari hapa Bukavu, miaka 19 sasa, na nimesoma swali yako mara mbili nikingoja umeme urudi.

Nianzie ku kitu chenye hukusema, pengine hukukiona juu uko unaishi ndani yake. Umeandika "anahesabu pumzi ya mwenzake". Jaribu kuitia mu Kifaransa. Utakwama, juu Kifaransa kitakudai papo hapo: ni il ao ni elle, na aimé unaiongeza e ku mwisho ao huiongezi. Kiswahili hakikudai kitu. Alimupenda. Alimungojea ku ziwa. Alimuona anatoka mu maji anatetemeka akamupa shati yake. Nani alimupa nani? Mutu alimupa mutu. Unaweza kuandika kurasa makumi mbili musomaji anampenda huyu rafiki ya Amani, anamuogopea, anangoja wakutane, mbele ya kujua kama ni kijana ao musichana. Wale Wafaransa wenye kuandika hii mambo wanateseka sana kufanya vile, na kila mara inaonekana kama muchezo. Sisi tulizaliwa nayo mu kinywa.

Kwako jina njo inaharibu. Patrick ni mwanaume tangu herufi ya kwanza. Muite Bahati. Hapa kwetu Bahati ni mwanaume na Bahati ni mwanamuke, mwaka huu niko nao wawili mu darasa moja, mumoja wa kila upande.

Lakini ujue kuna mahali Kiswahili kinafunga mulango, na kinaufunga kwa nguvu kuliko Kifaransa. Ni ku ndoa. Mwanaume anaoa, mwanamuke anaolewa, njo vile watu wanasema. Siku shangazi anauliza "Amani, utaoa lini?", ile herufi chache inamukamata inamuweka ku kiti chenye watu walishamutayarishia tangu azaliwe. Kama ni mimi, ile swali ningeileta mara tatu mu kitabu. Mara ya kwanza koko, kwa mapenzi. Mara ya pili mutu wa kanisa. Mara ya tatu Bahati mwenyewe, wakiwa wamekaa ku mawe karibu ya maji, kwa kucheza. Jibu ya ile ya tatu sikuandikii, ni yako.

Juu ya mwisho, nikuletee kitu cha kweli. Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa filme Rafiki mwaka 2018, wasichana wawili wa Nairobi wanapendana. Aliitoa mu hadisi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, Jambula Tree, yenye ilipata Caine Prize, zawadi ya hadisi fupi za Afrika, mwaka 2007. Ilikuwa filme ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa ku Cannes, na nyumbani ikakatazwa. Sasa sikia vizuri: wale wakubwa wa serikali wenye wanachunguza filme walimulomba abadilishe mwisho, juu ulikuwa na matumaini mingi. Akakatala. Mwezi wa tisa mahakama ikafungua siku 7 tu, na watu wakajaza masinema Nairobi. Nawaza sana juu ya ile. Kama wale wasichana wangeteseka ku mwisho wakajuta, pengine hakuna mutu angekasirika. Wale wakubwa walielewa nguvu ya mwisho kuliko wasomaji wako watatu.

Mwisho wako unatoka ya uongo pengine juu unataka Amani ashinde. Usimushindishe. Mupe tu siku inayofuata.

---

MutotoWaKivu243 (Goma)

Sipendi kutukana mutu lakini nisema kweli hii ni mambo ya wazungu. Huku tuko na vita, watu wamekimbia manyumba yao, watoto hawasomi, na wewe unaandika juu ya hii? Mukongomani hana hii mambo, walituletea. Andika juu ya watoto wa vita, njo watu watasoma.

---

Yaya_wa_Katuba (Lubumbashi)

Mudogo wangu wa Goma, jambo. Nianze na huyu ndugu mwenye anasema mambo ya bazungu, juu naona anasema bila kinyongo na mie nitamujibu bila kinyongo. Bazungu baliletaka bintu mingi, ni kweli. Mu Kenya baliletaka sheria ya kufunga bantu juu ya hii mambo, article 162, ya Bangereza, na siku ya 24 Mei 2019 korti ya Nairobi ilikatala kuitosha. Huku kwetu Babeleji habakutuachia article ya vile. Katiba yetu ya 2006, article 40, inasema ndoa ni ya mwanaume na mwanamuke, paka pale. Sisemi kama tuko na raha, polisi anaweza kukukamata na kusema umefanya haya mbele ya bantu, na bajirani bo habangojake sheria. Nasema tu chenye bazungu baliletaka kwa jina na kwa tarehe, ni fimbo. Mapendo ilikuwa tayari mu nyumba.

Na juu ya vita: kuko mwandishi wa Nigeria, Chinelo Okparanta, aliandika Under the Udala Trees, 2015, iko pia mu Kifaransa. Inaanzia mu vita ya Biafra. Baba ya mutoto anakufa mu mabombe, mama anamutuma mbali, na kule njo anakutana na musichana mwenzake mwenye alipoteza jamaa yake, wa kabila ingine tena. Vita na ile mapendo biko mu kitabu moja juu bilikuwa mu mwili moja. Batoto bako njia ya Sake na magodoro ku kichwa ni batoto ba vita na ba volkano, na Amani ni moja wao. Hakuna wa kuchagua.

Sasa istware. Mudogo, mie niko ule Amani wako, nilikomea tu huku. Nilisoma nayo bitabu bya Marekani ku telefone, usiku, mwangaza chini ya bulangeti. Njo nilionaka kintu moja inanisumbua paka leo. Mule mu bitabu, siku batoto babili banaume banashikana mikono mu kulwaru ya masomo, njo siku dunia inageuka, bantu bote bananyamaza, bengine banapiga makofi. Mie nikasoma nikasema sielewi. Huku kwetu banaume banatembeaka mukono mu mukono, ku commune Kenya ya hapa Lubumbashi, ku Katuba, ku soko, barafiki, bandugu, hata ba papa ba miaka 50, muntu hata moja haangalie. Mukono haisemi kitu. Kama Amani anashika mukono ya Bahati ku njia ya ziwa, na unaandika vile kama ni siri kubwa, musomaji wa Goma atajua umekopa.

Nikupe yangu. Ni 14 Desemba 2010, Mazembe, timu yetu ya mupira ya Lubumbashi, inapiga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi, inaingia finale ya dunia ya maklabu, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Niko na 17. Muji muzima uko inje, bamama banapiga masufuria, batu habajuane banakumbatiana, motoka zinapiga honi, mavumbi nyekundu inapanda paka hauone mwisho wa avenue. Niko na rafiki yangu mukono mu mukono kama siku zote, toka tuko badogo. Anageuka ananicheka na mwili muzima, anapiga kelele kitu chenye sisikie, na pale, mu ile kelele yote, nikajua. Haikuwa furaha ya mupira. Na njo nikamuachilia mukono. Muji muzima unakumbatiana, mie peke yangu njo nilimuachilia mukono, juu toka ile dakika mukono yangu ilikuwa inasema kitu. Akaniangalia akasema "ni nini?" Nikasema jasho.

Nilikaa miaka mingi na ile jasho. Mu kitabu yako utafute pale mukono inaachilia. Pale njo muntu wa huku atasikia baridi ku mugongo, hata ule mwenye hakubali.

Kitu ya mwisho, juu Mwalimu amesemea wasichana ba Nairobi. Kitabu ya John Donovan ya 1969, yenye inahesabiwaka ya kwanza ya vijana ku Marekani kuongea hii mambo, batoto babili banabusiana, halafu mbwa ya moja anagongwa na motoka anakufa, na mutoto anawaza ni azabu yake. Mu 1982 Nancy Garden akaandika basichana babili benye ku mwisho bako tu hai na banapendana, na mu 1993 ile kitabu wakaichoma moto ku Kansas City. Unaona vile bale rafiki yako habakuvumbula kitu. Hata kule kwenye unaona milango na bifunguo, ilibidi mutu wa kwanza akatale kuua.

---

DadaWaKatindo (Goma)

Nilikuwa naenda kupita bila kuandika. Mie ni mutu wa kanisa, naimba mu korale, na sitaficha kama hii mambo bado inanipiganisha usiku. Sijamaliza kuipigana. Lakini mwenye kuandika alisema mama ya Amani anauzisha sambaza na hakusema kitu kingine juu yake, na ile imenikamata.

Mudogo wangu wa tumbo moja, papa alimufukuza akiwa na 17. Kulikuwa telefone, kulikuwa meseji, sitaingia mule. Papa alitia nguo zake mu mufuko ya mchele akaiweka inje ya lupango akarudi kukaa ku kiti. Mama hakusema neno. Nilimuchukia mama siku ile kuliko papa, nisema kweli, juu papa nilijua ni papa.

Siku ya pili magaribi naona mama anapakua bugali na sombe ku sahani, anafunika na sahani ingine, anaenda nyuma ya jikoni kwenye ukuta wa mawe umeanguka kidogo, anaiweka juu ya jiwe. Anarudi. Hakuna mwenye anauliza. Asubuhi sahani iko pale, imeoshwa, imegeuzwa chini juu. Kila siku. Kama kuna samaki, samaki. Kama ni chai tu na mukate, chai mu thermos. Karibu miezi mitatu. Papa anakula ku meza, anaona sahani inatoka, hasemi. Siku moja mama alikuwa mugonjwa, malaria, hasimami, na magaribi nikasikia jikoni mutu anapakua. Ni papa. Alifunika vibaya, sombe ilimwangika ku mukono. Aliipeleka. Hakusema kitu paka leo.

Mudogo wangu iko hapa Goma. Hakukufa, hakupona kama vile watu wanataka, hakuenda Canada. Iko na kazi yake, anapangisha chumba, Noeli anakuya anakula na sisi, papa anamuuliza habari ya bei ya mafuta na moto ya pikipiki. Haijaisha. Shangazi bado wanamuuliza ataoa lini, Mwalimu amesema kweli, na kila mara anajibu "Mungu anajua" na naona mama anasimama anaenda kuangalia kama maji imechemka.

Kwa hiyo tafadhali, mama ya Amani usimufanye shetani na usimufanye malaika wa filme mwenye anamukumbatia mutoto wake anasema nakupenda vile uko. Mama wa hapa hasemi vile hata ku mutoto mwenye ameolewa kanisani. Mama wa hapa anapakua.

Na ile swali ya neno. Mudogo wangu siku moja nilimuuliza, wewe mwenyewe unajiita nini. Akawaza sana. Akasema "sijiite, najijua." Ku pwani bado kuna wanawake wanaitana shoga, maana yake rafiki yangu wa kike, wanaitana kwa mapendo, na kwingine ile ile neno ni jiwe ya kumupiga mutu. Hii maneno inabadilika paka mutu hajui ataikamata wapi. Amani wako pengine hahitaji neno mu kurasa za kwanza. Wengine watamupa, kwa terrain ya mupira. Na pale aisikie kama inaongea juu ya mutu mwingine, halafu usiku aelewe.

---

PapillonBleu (Bukavu)

Sina ya kusema mingi. Niko na 17. Nataka tu kujua kama Amani anaishi. Naomba usifute hii swali, nakuyaka kuisoma.

---

MutotoWaKivu243 (Goma)

Dada wa Katindo, ile ya papa na sombe nimeisoma mara mbili. Bado siko pamoja na hii mambo. Lakini mutoto wa 17 kulala inje Goma, na vile Goma iko usiku, hapana. Ile hapana.

---

MwalimuWaKadutu (Bukavu)

PapillonBleu mwanangu, nakusalimia. Kama uko na mutu mukubwa mumoja mwenye anajua kunyamaza, mutu wa kweli mwenye unajua sura yake, ongea naye mbele ya kuongea na watu wa telefone wenye hujui, hata sisi. Watu wengine wanajifanya marafiki mu meseji, wanamuita kijana mahali, wanamupiga wanamunyanganya pesa na telefone. Usiende kukutana na mutu peke yako, na usiandike hapa mutaa yako wala masomo yako. Kusoma soma tu, hiyo hakuna shida.

---

MweziWaMajengo (Goma)

Nimekawia kujibu juu nilikuwa naandika, na mega za internet ziliisha jumapili.

Patrick amekuwa Bahati. Ilinichukua dakika mbili kubadilisha jina na siku tatu kubadilisha yote ingine, juu Mwalimu nilikuwa nimetia "kijana mwenzake" na "huyu mwanaume" kila mahali, bila kujua, kama mutu mwenye anaonyesha kitambulisho kila kona ya barabara. Nimetoa zote. Sasa mutu anasoma sura mbili hajui. Yaya wa Katuba, nilikuwa naogopa kama ni kujificha, niliwaza sana juu yako, na nikaamua sitaacha paka mwisho. Anajua ku sura ya tatu, ku mistari wa asubuhi mbele ya kuingia masomo, wakati wanapanga wasichana huku na vijana huku, na Bahati anakuja amechelewa, anapita mbele ya wasichana, anasimama nyuma ya Amani, suruali ya bleu imelowa paka ku magoti juu alipitia ziwani. Sisemi kitu kingine. Suruali tu.

Na mukono nimeiweka. Wanatoka Sake wanarudi Goma, watu wamechoka, njia imejaa, Bahati anamushika mukono kama siku zote juu wasipotezane mu watu, na Amani, mwenye hakulala usiku muzima, anaachilia. Bahati anasema "tutapotezana". Amani anasema "nakuona tu". Yaya, jasho yako sikuiiba, ile ni yako.

Dada wa Katindo, lakini sahani nalomba ruhusa. Kama unakatala nitaitoa na sitakuwa na kinyongo. Sitaitia vile ulisema, hakuna papa kwangu, papa ya Amani alikufa. Nimejaribu hivi, ni kipande ya mwisho, bado ni mubichi, mwenye kuona kosa aseme:

*Mama alirudi Kituku giza imeshaingia. Alitua beseni, akaosha mikono, akaosha tena juu harufu ya sambaza haitokake mara moja. Watoto walikuwa wanamwambia kila mumoja kitu chake. Koko akasema, ule rafiki ya Amani iko ku mulango tangu zamani, haingie. Mama akanyamaza. Alijua. Amani aliona kama anajua, ku mabega aliona, vile mutu anabebaka bido ya maji bila kumwanga. Watu wa mutaa walishaongea, na ku soko pia walishaongea, mbele yake, juu ya samaki yake.*

*Mama akachukua masahani. Alihesabu kwa sauti, kama kila siku: ya koko, ya Amani, ya watoto, ya mimi. Akasimama na kijiko mu mukono. Kisha akainama chini ya meza akatoa ingine, ile ya plastiki ya kijani yenye imepasuka ku ukingo, akaipangusa na kitambaa yake.*

*"Mwambie aingie," akasema. "Bugali inapoa."*

PapillonBleu, anaishi. Sura yenye inakuja nyuma ya hii anaenda kuchota maji.

---

DadaWaKatindo (Goma)

Iache. Ila mama wa Kituku hapanguse sahani na kitambaa yake, anaimwangia maji. Badilisha pale.